Sayansi ya Kompyuta au Uhandisi wa Kompyuta? Jibu kwa binti wa fundi friji

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, nimepata daraja la kwanza la pointi 8: Hisabati B, Fizikia C, Kemia C. Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa nataka niwe nimeshaamua, ila nyumbani hatuelewani. Baba ni fundi friji hapa Morogoro, anataka nisome Uhandisi wa Kompyuta ili niitwe injinia. Mjomba anasema nichukue Sayansi ya Kompyuta kwa kuwa ni miaka 3 na ina hela, na kwamba uhandisi wa kompyuta ni kwenda kutengeneza kompyuta mbovu tu. Rafiki zangu wanasema zote ni kitu kimoja, na isitoshe akili mnemba itamaliza kazi za kuandika programu. Mimi naelekea Sayansi ya Kompyuta kwa vile Fizikia nina C. Sina kompyuta mpakato, na programu nilizowahi kuandika ni zile kidogo za klabu ya shule. Kitu pekee nilichozoea ni kumshikia baba taa usiku tukitafuta hitilafu kwenye bodi za friji, hapo tunaweza kukaa hadi saa sita nisijue muda umeendaje. Nisaidie, nisije nikajuta mwaka wa pili."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye sentensi moja ambayo nadhani uliiandika bila kuipa uzito. Nitairudia. Kwanza tuondoe yanayokuchanganya, maana mengi uliyoambiwa yana chembe ya ukweli ndani yake, na ni hiyo chembe inayoyafanya yaaminike.

Nianze na mjomba. Kutengeneza kompyuta mbovu ni ufundi, una heshima yake, unafundishwa VETA na kwenye meza za mafundi, na baba yako anajua fundi mzuri alivyo adimu. Lakini hakuna chuo kikuu kinachomweka mtu miaka 4 ili ajifunze kubadilisha kioo na betri. Mhandisi wa kompyuta anafundishwa kubuni kifaa ambacho bado hakipo, na kuandika programu itakayokaa ndani yake. Rafiki zako nao hawajakosea sana: mwaka wa kwanza wa fani hizi mbili una mengi yanayofanana. Zinaachana baadaye, na zinapoachana hazirudi kukutana hadi kazini.

Sasa nenda kasimame mbele ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, hapo kwenu. Baba akinunua umeme kwa simu anatumiwa tarakimu 20, anazibonyeza, mita inalia, uniti zinaongezeka. Kitendo hicho kimoja kimebeba fani zote mbili.

Ndani ya mita, katika njia ya umeme unaoingia nyumbani, kuna rezista ndogo sana. Tuseme ni ya ohm 0.0005. Pasi na jiko vikivuta ampea 10, kanuni ya Ohm unayoijua tangu kabla ya kidato cha tano (volti ni ampea mara ohm) inakwambia kwamba volti kati ya ncha mbili za rezista hiyo ni 0.005. Hiyo ndiyo habari yote mita iliyo nayo kuhusu umeme mnaovuta, na inatakiwa kuisoma huku imezungukwa na nyaya za volti 230 ambazo mkondo wake unageuka na kurudi mara 50 kila sekunde. Kuna mtu alibuni saketi ya kuikuza ishara hiyo bila kukuza vurugu iliyo pembeni yake, kuipima maelfu ya mara kwa sekunde, kuigeuza iwe namba, kuizidisha na volti na kuijumlisha. Prosesa (ubongo wa kifaa) inayofanya hivyo ni ndogo na kumbukumbu yake ni finyu. Inakaa ukutani miaka, kwenye joto na vumbi, radi zikipiga, sisimizi wakijipenyeza, na umeme ukikatika ghafla hairuhusiwi kusahau salio. Mtu huyo ni mhandisi wa kompyuta.

Geukia upande wa simu. Baba anapobonyeza kulipa, mfumo unatakiwa kuitafuta mita yenu kati ya mamilioni, kukokotoa makato, kutengeneza tokeni, yaani zile tarakimu 20, iliyofungwa kwa ufunguo wa mita yenu peke yake, na kurudisha jibu kabla hajaanza kulalamika. Chukua orodha ya mita milioni 4. Ukiikagua mstari mmoja mmoja, siku mbaya utakagua milioni 4. Ukiipanga kwa mfuatano, kisha ukawa unaikata katikati na kutupa nusu isiyohusika, hatua 22 zinakutosha, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 22 ni 4,194,304. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa hapo. Kilichobadilika ni namna ya kufikiri.

Halafu mtandao unakwama. Simu inazungukazunguka, jibu haliji, baba anabonyeza tena. Je, mfumo umepokea malipo mawili, au moja lililorudiwa? Ukikosea kwa upande mmoja mteja ametozwa mara mbili, ukikosea kwa upande wa pili umegawa umeme wa bure. Swali hilo huwezi kulijibu kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Unalijibu kwa kulipatia kila ombi utambulisho wake, kuhakikisha likirudiwa linatambulika, na kuthibitisha, kama unavyothibitisha kwenye Hisabati, kwamba hata seva mbili zikipokea ombi hilohilo kwa wakati mmoja ni moja tu itakayotoa tokeni. Anayeumiza kichwa hapo ni mwanasayansi wa kompyuta.

Kuna mahali wanakutana, na mwaka 2024 wewe mwenyewe ulikuwepo. Unakumbuka wateja walivyotakiwa kuingiza makundi ya ziada ya tarakimu 20 ili mita zao zisasishwe? Chanzo chake kilikuwa hiki. Kila tokeni hubeba alama ya wakati ilipotengenezwa, ili mita ijue kama imeshatumika. Kwa mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita za namna hii, wakati huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na namba hiyo ikapewa nafasi ya biti 24, yaani sehemu 24 za 0 au 1. Biti 24 zinabeba namba 16,777,216, basi. Dakika kiasi hicho ni karibu miaka 32. Kaunta ingefika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haikusasishwa ingeanza kukataa tokeni mpya. Aliyebana nafasi alikuwa na sababu ya haki: ujumbe mzima ulilazimika kuingia ndani ya tarakimu 20 ambazo mtu anaweza kuzibonyeza kwa kidole, gizani, bila kukosea. Kukubali mpaka wa kifaa ni kazi ya uhandisi. Kujua kwa hesabu mpaka huo utagonga lini, na kupanga namna ya kubadilisha funguo za mita zilizotapakaa duniani bila kumpa mwizi mwanya, ni kazi ya sayansi. Ilibidi watu wa aina zote mbili waelewane, na ndiyo maana kila fani inakufundisha kidogo ya mwenzake.

Tofauti hii ina ukoo wake. Mwaka 1936 Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika kuhusu mashine ya kufikirika ili kuonyesha kuna maswali ambayo hakuna utaratibu wa kukokotoa unaoweza kuyajibu. Hakuwa na waya hata mmoja mezani. Mwaka uliofuata Claude Shannon, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme huko MIT, Marekani, alionyesha kwenye tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwamba swichi za umeme zikiunganishwa vizuri zinaweza kutekeleza mantiki ya kweli na si kweli. Sayansi ya Kompyuta imekulia zaidi nyumba ya Hisabati, Uhandisi wa Kompyuta umekulia nyumba ya Umeme, na ukifungua mitaala ya leo utaona bado kila mmoja amefanana na wa kwao.

Darasani ina maana hii. Kwenye Uhandisi wa Kompyuta, ukishapita programu za mwanzo utakutana na saketi za umeme, elektroniki ya dijitali, mawimbi na mifumo, mikroprosesa, mifumo ya udhibiti, mawasiliano, na karakana. Kwenye Sayansi ya Kompyuta utakutana na hisabati ya mantiki na seti, miundo ya data na algoriti (hatua za kutatua tatizo), nadharia ya ukokotoaji, hifadhidata, programu endeshi, kompaila, akili mnemba. Usidhani hii ya pili ni nyepesi kwa kuwa haina karakana. Nimewaona wanafunzi walioingia wakidhani watajifunza kutengeneza programu za simu, wakafika kwenye uthibitisho wa algoriti wakagundua wamesajiliwa kwenye tawi la Hisabati.

Usiamue kwa jina la kozi, lakini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, kina Sayansi ya Kompyuta ya miaka 3 na kozi ya miaka 4 inayounganisha Uhandisi wa Kompyuta na Teknolojia ya Habari. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wana shahada ya Uhandisi wa Kompyuta, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina kozi kadhaa za jamii hii. Majina yanakaribiana, masomo ya ndani yanatofautiana, na kozi inayoitwa uhandisi inaweza kuwa na saketi nyingi sehemu moja na chache sehemu nyingine. Uhandisi wa Programu nao unachanganya watu: una neno uhandisi, ila kwa yaliyomo uko jirani zaidi na Sayansi ya Kompyuta. Omba orodha ya masomo ya muhula kwa muhula, uisome kama baba anavyosoma mchoro wa saketi kabla ya kufungua friji.

Tuje kwa baba na neno injinia. Baba hajakosea kulithamini, kwa sababu hapa kwetu neno hilo linalindwa kisheria. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili wenye shahada za uhandisi inazozitambua. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka isiyopungua 3, ndipo unaweza kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada ya Sayansi ya Kompyuta haikupeleki huko, hata uwe hodari namna gani. Kwenye miradi ya umeme, reli, migodi au mawasiliano, usajili huo unaweza kuamua nani anaweka sahihi. Kwenye kampuni ya programu hakuna atakayekuuliza. Kwa hiyo mkae na baba mzungumze hili: je, anataka jina, au anataka kazi ambayo jina hilo linafungua? Ukiniuliza mimi, jina peke yake halitoshi kumbeba mtu miaka 4.

Miaka 3 dhidi ya 4 ni hoja ya kweli na mjomba ana haki ya kuitaja. Mwaka mmoja wa ziada ni ada, chakula, chumba, na kama unategemea Bodi ya Mikopo ni deni kubwa zaidi, ambalo ukiajiriwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Familia ikiwa inahesabu shilingi, na wadogo zako wanasubiri zamu, hilo ni jambo zito. Ila usiulinganishe mwaka huo na kutofanya chochote. Wengi wanaomaliza miaka 3 hutumia mwaka unaofuata kutafuta mahali pa kujitolea, na mwanafunzi wa uhandisi hupata vipindi vya mafunzo kwa vitendo ambavyo, akivitumia vizuri, vinamjulisha kwa watu wa kazi.

Kuhusu ajira nikuambie kama nilivyoona. Hatutengenezi prosesa Tanzania, na wahitimu wengi wa Uhandisi wa Kompyuta ninaowafahamu wanaishi kwa kuandika programu au kusimamia mitandao, meza moja na waliosoma Sayansi ya Kompyuta. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira ya nafasi za Afisa TEHAMA mara nyingi huorodhesha fani zote hizi pamoja. Kazi za kubuni vifaa zipo, kwenye mita, ufuatiliaji wa magari, umeme wa jua, mashine za viwandani na migodini, ila ni chache na zinahitaji mtu ajitafute. Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hawaambiwi mapema. Aliyesoma uhandisi akitaka kuhamia programu anahamia, vitabu vipo na mtandao upo. Aliyesoma Sayansi ya Kompyuta akitaka kuhamia saketi akiwa na miaka 27 anaweza pia, ila anapanda mlima, maana hakuwahi kukaa na osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, na usajili wa uhandisi haupati bila kurudi chuo. Ukiwa hujui kabisa unataka nini, tofauti hiyo inaupa uhandisi uzito kidogo.

Uzito huo unapotea mara moja kama huipendi ile kazi. Mwanafunzi anayeburuzwa kwenye saketi miaka 4 anatoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya chini, na GPA ya chini inafunga milango mingi kuliko iliyofunguliwa na jina la kozi.

Na akili mnemba? Imeshabadilisha kazi yetu, nisikudanganye. Programu za kawaida, zile tulizokuwa tunampa kijana wa mwaka wa kwanza kazini, sasa zinaandikwa na mashine kwa dakika chache. Anayejua kuandika tu bila kuelewa yuko hatarini, awe amesoma fani yoyote kati ya hizi. Kilichobaki kwa binadamu ni kujua nini kiandikwe, na kutambua kilichoandikwa kina kosa wapi. Mashine inaweza kukuandikia programu nzuri ya malipo isiyofikiria kabisa kwamba baba atabonyeza mara mbili. Hiyo kazi ya kufikiri ndiyo unayokwenda kusomea kwenye fani zote mbili, kwa hiyo hofu hii usiitumie kuchagua moja.

Sasa ile C ya Fizikia. Katika hesabu za TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, ambazo ni tofauti na pointi zilizo kwenye daraja lako, B ina pointi 4 na C ina 3, kwa hiyo Hisabati na Fizikia zinakupa 7. Sifa ya kuomba uhandisi unayo, na kama utachaguliwa itategemea ushindani wa chuo husika mwaka huo. Linalonihusu zaidi ni C hiyo imetoka wapi. Fizikia ya kidato cha sita imerundika mekanika, joto, mawimbi, umeme, elektroniki na atomu kwenye alama moja. Rudi kwa mwalimu wako, kumbukeni mlipofanya mitihani ya mada ulikuwa unaanguka wapi. Kama ilikuwa mekanika na joto, mwenzangu, hayo hayatakufuata sana. Kama ilikuwa umeme na elektroniki, hapo una la kufikiria. Na ujue kwamba linalowaangusha wanafunzi wengi wa Uhandisi wa Kompyuta ni Hisabati: namba changamano, milinganyo ya tofauti, mawimbi yaliyogeuzwa kuwa hesabu. Huko wewe una B.

Suala la kompyuta mpakato lisikuondolee usingizi leo. Utaihitaji ukifika chuoni, katika fani yoyote, na iliyotumika inatosha mwaka wa kwanza. Vyuo vina maabara, japo foleni ni ndefu na mwenye yake anafanya mazoezi usiku.

Nirudi kwenye sentensi yako. Umeandika kuhusu pointi, miaka, hela na C. Mahali pamoja tu umeandika kama mtu anayekumbuka kitu anachokipenda: kumshikia baba taa hadi saa sita usiku bila kujua muda umeendaje. Nakuambia hili kwa sababu ya tukio moja la darasani kwangu. Kundi la wanafunzi wa mwaka wa 3 lilitengeneza kifaa cha kuwasha pampu tangi la maji likikauka. Mezani kilifanya kazi vizuri. Tukakifunga kwenye tangi la kweli, kila pampu ikiwaka kifaa kinajizima na kuanza upya. Walikaa siku mbili wakipekua programu, mstari kwa mstari, wakaiandika yote tena. Programu haikuwa na kosa. Mmoja wao, binti mkimya, akaomba osiloskopu, akaweka ncha yake kwenye waya unaolisha mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa, akasema washeni pampu. Tukaona mstari wa volti 3.3 ukizama hadi chini ya 2.5, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha ukarudi. Pampu ilipoanza ilikuwa inavuta mkondo mkubwa kiasi cha kuiyumbisha ile adapta ndogo tuliyounga kwenye waya huohuo. Akatenganisha njia ya umeme, akaongeza kapasita, inayohifadhi umeme kidogo, kifaa kikatulia. Wenzake wawili walifurahi, wakasema wazi kwamba kazi ya namna hii wasingetaka kuirudia, na leo wote wawili wanaandika programu za benki na wanaifurahia. Yule binti aliuliza kama anaweza kubaki na osiloskopu hadi jioni.

Ukisoma fani yoyote kati ya hizi, utakesha. Swali ni utakesha ukitafuta hitilafu ya aina gani. Kwa nilivyosoma barua yako, naelemea upande wa Uhandisi wa Kompyuta. Umeikimbia fani hiyo kwa hofu ya alama moja, na hakuna mahali uliposema unaipenda ile nyingine kwa yenyewe. Lakini naelemea tu. Sijakuona ukifanya kazi, na kushika taa si sawa na kushika multimita. Kwa hiyo kabla dirisha halijafunguliwa fanya majaribio mawili.

La kwanza fanya na baba. Tafuteni kadi ndogo ya mikrokontrola na kibonyezo, maduka ya elektroniki ya Kariakoo wanazo, na mkimwagiza dereva wa basi zinafika Morogoro. Azima kompyuta ya mtu siku mbili. Andika programu inayoongeza 1 kila ukibonyeza. Bonyeza mara moja, na huenda ukaona 3, au 5. Utadhani programu ni mbovu. Sivyo: vyuma viwili ndani ya kibonyezo vinapogongana vinadunda kwa milisekunde chache, na prosesa ina kasi ya kuhesabu kila mdundo. Tafuteni namna ya kutuliza hilo, kwanza kwa programu, kisha kwa rezista na kapasita bila kugusa programu.

La pili lifanye kwenye simu. Kuna programu za bure za kuandikia Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu. Tengeneza orodha ya malipo 10 ya dukani, mawili yakiwa yamejirudia, uandike programu ya kuyafichua. Kisha ipe malipo 10,000. Kama umelinganisha kila moja na kila jingine, umeiagiza simu ifanye ulinganisho karibu milioni 50, na itakusubirisha. Sasa kaa chini na kalamu, utafute njia ya kuipitia orodha mara moja tu.

Angalia ni jaribio lipi ulilolirudia kesho yake bila kutumwa. Kama ni lile la pili, achana na ushauri wangu, omba Sayansi ya Kompyuta, na mwonyeshe baba barua hii ili ajue hukukimbia kazi.

Yapo mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kukusaidia. Kama kozi fulani inatambuliwa na bodi ya wahandisi, waulize bodi wenyewe, usitosheke na kijana aliye kwenye meza ya chuo. Mambo ya mkopo yapeleke kwa maofisa wa Bodi ya Mikopo ukiwa na nyaraka zako mkononi, hasa kama kuna cheti chenye jina lililokosewa, maana hayo hayatatuliki kwa kuulizana. Ukishaingia kozi ukaona umekosea, nenda kwa mshauri wako wa masomo wiki za mwanzo kabisa. Kuhama kunaruhusiwa kwa masharti na kwa muda mfupi, na nafasi zikijaa hakuna wa kukuongezea. Na kama mvutano wa nyumbani umefika mahali hulali wala huli, mtafute mtu mzima mnayemheshimu wote, akae na baba na mjomba mbele yako. Usilibebe peke yako.

TCU huandaa maonesho ya vyuo kila mwaka viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Nauli ikipatikana, njoo na baba. Mkifika kwenye banda msiulize kozi ipi ina soko, kila banda litawaambia ni ya kwao. Ulizeni mwanafunzi wa mwaka wa 3 anaingia maabara ya elektroniki mara ngapi kwa wiki, na wanakuwa wangapi kwenye osiloskopu moja. Wakikuambia ni kumi, ujue tisa wanatazama. Na ukishaingia maabara hiyo, wavulana wakiwa wengi kuliko ninyi kama ilivyo mara nyingi, usikubali upewe kazi ya kuandika ripoti huku wengine wakiunga bodi kwa risasi. Shika chuma cha kuchomea mwenyewe, ripoti mtaigawana.